Nimemwandikia mara saba, hajibu. Niendelee au ninyamaze?

Mama, salamu nyingi.

Nasoma safu yako kila juma kwenye simu, mara nyingi nikiwa ndani ya taxi-bus natoka kazini. Naona wengi wanakuuliza mambo ya ndoa na ya urithi. Langu ni la kazi, lakini limeanza kuniingilia hadi chumbani, ndiyo maana nakuandikia.

Nina miaka 31, nina mume na watoto wawili, tunaishi Kampemba hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana nafanya kazi kwa baba yangu mdogo. Ana depo ndogo ya vifaa vya kinga vya wafanyakazi: viatu vya usalama, glavu, helmeti, gileti zinazong'aa, miwani. Mzigo mwingi unatoka Afrika Kusini kwa lori, unapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Tunaowatafuta ni zile kampuni zinazochukua kazi za migodi, za hapa, za Likasi, hata za Kolwezi. Mshahara wangu ni mdogo. Kinachonilisha ni komisheni ya 5% kwa kila mauzo yaliyolipwa.

Tarehe 12 Agosti nilipokelewa na kampuni moja kubwa kidogo. Nilikaa na mkuu wa manunuzi na mkuu wa usalama kazini. Walinipokea vizuri sana. Yule wa usalama alivaa viatu nilivyokuja navyo, namba 43, akatembea navyo kwenye korido akicheka, nikamwachia. Mkuu wa manunuzi akaniambia, "Mama, tuma proforma, tunaihitaji haraka." Siku mbili baadaye nikatuma hiyo karatasi ya bei: jozi 180 za viatu, jozi 600 za glavu, gileti 180. Jumla dola 10,020 bila TVA (kodi ya ongezeko la thamani), bei halali kwa siku 30, pamoja na katalogi yetu yote. Sitakuficha, usiku ule nilipiga hesabu ya komisheni: dola 501. Minervali, yaani karo ya shule, ya watoto wote wawili ilikuwa humo ndani.

Tangu siku ile, kimya.

Nilimwandikia mkuu wa manunuzi relansi, yaani imeli ya kumkumbusha, tarehe 18 Agosti kuuliza kama amepokea. Kimya. Tarehe 21 nikauliza tena. Tarehe 28 niliandika (nakutafsiria kutoka Kifaransa): "Nimewaandikia mara mbili bila kupata jibu lenu. Nabaki nikisubiri jibu zuri." Tarehe 4 Septemba niliandika kwamba tunahitaji kujua msimamo wao ili tujipange. Nikaandika tena tarehe 15, na tarehe 22. Ukihesabu na ile ya proforma, ni imeli saba. Hajajibu hata moja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Binamu yangu aliniwekea programu inayoonyesha kama mtu amefungua imeli yako. Ile ya proforma imefunguliwa mara 9. Ile ya tarehe 4 Septemba ilifunguliwa mara 2 kabla hata dakika moja haijaisha. Kwa hiyo anasoma. Anasoma na ananidharau.

Baba mdogo anasema sijui kuuza. Kwa maneno yake mwenyewe: "Muntu akinyamaza, unamugongea mulango mpaka atafungua. Njo biashara hiyo." Anataka niandike kila siku. Anataka niandike kwamba bei inaisha Ijumaa na kuna kampuni nyingine inautaka mzigo huo, na hiyo kampuni nyingine haipo. Tena anataka nimwandikie mkurugenzi mwenyewe, nimweleze kwamba mtu wake wa manunuzi analala na proforma yetu.

Mimi nililelewa na bibi yangu. Kwake, aliyenyamaza amejibu. Alitufundisha kwamba chumvi haiombwi mara mbili kwa jirani mmoja. Kila ninapoandika relansi naona haya, kama nimesimama mlangoni mwa mtu na kikombe mkononi.

Na juzi, saa nne usiku, mume wangu alinikuta naandika. Akasema, "Huyu mwanaume unamwandikia sana. Mimi hujawahi kuniandikia hivyo." Alicheka, lakini si sana.

Niendelee? Ninyamaze? Au nimfuate baba mdogo? Yeye ndiye aliyetulisha baada ya baba yangu kufariki, na kumwambia hapana si jambo jepesi kwangu.

Mchovu wa kusubiri, Kampemba

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilikaa miaka sita ofisi ya manunuzi ya kampuni moja ya hapa mjini. Nilikuwa karani. Proforma za watu kama wewe zilikuwa zinapita mezani kwangu kila asubuhi, na sitajifanya malaika: nyingi hatukuzijibu. Kwa hiyo leo unamsikiliza mtu aliyekuwa upande wa pili wa huo mlango unaougonga.

Kama nimekuelewa, swali lako lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: mtu alionyesha nia, amenyamaza, mnunuzi wa namna hiyo anaandikiwaje? Ya pili ndiyo inayokunyima usingizi: je, kuandika tena ni kujidhalilisha? Na katikati yuko baba mdogo, ambaye kwako ni bosi na ni baba kwa wakati mmoja. Nianze na kimya chenyewe, maana naona umekipa maana moja tu.

Bibi yako alikuwa sahihi kwa majirani. Jirani akinyamaza, yeye ndiye mwenye chumvi, yeye ndiye mwenye kuamua. Lakini huyu bwana wa manunuzi hana chumvi. Ngoja nikueleze karatasi yako ilivyotembea, au ilivyokwama. Mkuu wa usalama anaandika hitaji. Mtu wa depo anaulizwa stoki iliyobaki. Manunuzi wanatafuta proforma nyingine, mara nyingi mpaka zifike tatu, wazipange kwenye jedwali moja. Halafu zinakwenda kwa watu wa fedha. Halafu zinasubiri mwenye saini, na mwenye saini pengine yuko Kinshasa, ambako saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, au yuko Johannesburg, au yuko angani kati ya hiyo miji miwili. Tena kampuni inayochukua kazi za mgodi nayo inasubiri kulipwa na mgodi. Ikichelewa kulipwa, viatu vinasubiri. Sasa niambie, huyo bwana akujibu nini? Aandike, "Mama, mwezi huu hatuna pesa"? Hiyo ni siri ya nyumba ya watu, si yake kuitoa. Ananyamaza. Mimi nilinyamaza hivyo mara nyingi, na waliokuwa wananiandikia sikuwa nawadharau. Wengine nilikuwa nawaonea huruma.

Isitoshe, sisi watu wa huku neno "hapana" hatujui kulisema. Tunasema "tutaona", tunasema "tuma proforma". Inawezekana kabisa kwamba "tunaihitaji haraka" ya tarehe 12 Agosti ilikuwa adabu tu, mgeni asitoke mikono mitupu. Inawezekana pia ilikuwa kweli siku hiyo na ikaacha kuwa kweli wiki iliyofuata. Nikiwa hapa nilipo siwezi kujua ni ipi, na wewe kwa imeli ulizoandika usingeweza kujua, maana hukumwachia njia rahisi ya kukuambia.

Sasa hiyo programu ya binamu yako. Hapa nikuombe uvute kiti. Programu za namna hiyo zinaficha kijipicha kidogo kisichoonekana ndani ya imeli. Kijipicha kikiitwa kutoka kwenye seva, programu inahesabu: imefunguliwa. Tatizo ni kwamba siku hizi wanaokiita si watu peke yao. Tangu Septemba 2021, mtu anayesoma imeli kwa programu ya Mail ya iPhone na amewasha kinga yake ya faragha, Apple inazipakua picha zote kabla, hata kama mwenyewe hajaigusa imeli. Kampuni nyingi nazo zina vichujio vinavyofungua na kukagua kila kinachoingia. Na bwana yule akiipeleka proforma yako kwa mwenzake wa fedha, naye akiipeleka kwa mwingine, kila ufunguzi unaweza kuhesabiwa kwako. Kwa hiyo mara 9 inaweza kuwa mtu mmoja aliyefungua mara tisa, inaweza kuwa watu wanne wanaoijadili, na hiyo ingekuwa habari njema. Mara 2 kabla dakika haijaisha? Hapo mimi ningeshuku mashine. "Anasoma na ananidharau" ni hadithi uliyoishona kwa uzi wa tarakimu mbili. Na hata kama ni kweli anasoma, usije ukamwandikia kamwe kwamba umeona amefungua. Hakuna mtu anayependa kujua alikuwa anachunguliwa dirishani.

Tuje kwenye kikombe. Unasema unajiona kama mwombaji. Mwenye kuleta viatu kwa watu wanaotembea juu ya mawe si mwombaji, hilo naamini unalijua. Lakini nivumilie, nikuambie nilichokiona na kalamu yangu: imeli zako zimeandikwa na mwombaji. Nimezipitia zote sita ulizozitaja baada ya proforma. Kila moja inaongea juu ya jibu lako, kusubiri kwako, kujipanga kwenu. Hakuna hata moja iliyomletea yeye kitu. Ile ya tarehe 28 Agosti ndiyo nzito kuliko zote. "Nimewaandikia mara mbili bila kupata jibu" ni sentensi inayomgeuza msomaji kuwa mdaiwa, na wewe unajua mdaiwa anafanyaje akimwona mdai wake kwenye soko letu la Kenya hapa Lubumbashi. Anapita barabara nyingine.

Na Kifaransa chetu cha ofisini nacho kina lawama. Umenitafsiria, lakini nina hakika nyingi zilianza na "je me permets de revenir vers vous" (naomba ruhusa kurudi kwenu) na kuishia na "dans l'attente d'une suite favorable" (nikisubiri jibu zuri). Usione aibu, mji mzima tunaandika hivyo. Mimi ofisini nilifika mahali macho yalikuwa yanayaruka hayo maneno yenyewe, kama vile husikii tena jenereta ya jirani. Lakini "suite favorable" haiulizi kitu. Mtu anamaliza kusoma hajui afanye nini: apige simu? asaini? akatae? Imeli yenye swali moja dogo, ambalo linajibika kwa mstari mmoja akiwa amesimama kwenye korido, ina nafasi zaidi kuliko ukurasa mzima wa heshima.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Imeli ya tatu nayo ingekuja na jembe lake, yaani kitu cha kumfaa anayeisoma. Sasa wewe una majembe gani? Zaidi ya unavyofikiri.

Umeniandikia, kwa kupita tu, kwamba bei ilikuwa halali kwa siku 30. Hesabu na mimi. Kutoka tarehe 14 Agosti, siku thelathini zinaishia tarehe 13 Septemba. Imeli zako mbili za mwisho, ya 15 na ya 22, zilikuwa zinadai jibu juu ya bei iliyokwisha kufa! Na baba mdogo anataka utunge uongo kwamba bei inaisha Ijumaa, wakati ukweli ni kwamba iliisha yenyewe bila mtu kuizika. Nilicheka, unisamehe. Lakini hiyo ndiyo sababu halali kabisa ya kuandika, na haikugharimu heshima yoyote: proforma imepita muda, hii hapa mpya.

Jembe la pili ni mvua. Novemba inakaribia, na unajua barabara za kazi zinavyokuwa hapa hadi Aprili. Je, depo yenu ina buti za mpira? Viatu vya ngozi alivyoviuliza Agosti, kwenye kiangazi, huenda sivyo atakavyovihitaji kwanza sasa. Jembe la tatu ni karatasi. Tangu sheria ya 2017 ya ukandarasi mdogo (kazi ambazo kampuni inazipa kampuni nyingine), watu wanaozunguka migodi wamekuwa waangalifu juu ya nani wanafanya naye kazi. Kama mna cheti cha ARSP (mamlaka ya ukandarasi mdogo), RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi, viweke vyote katika faili moja jepesi. Mtu wa manunuzi akiwa na proforma tatu mezani, na moja tu ina karatasi kamili, ile moja imempunguzia kazi. Nawaambia hivi kwa sababu niliwahi kuipendelea proforma ya ghali kidogo kwa sababu hiyo hiyo, uvivu wangu tu.

Kwa haraka, mambo mawili ya mitambo. Katalogi nzima ni mzigo. Seva za kampuni nyingi zinakataa viambatisho vizito, na hutajua daima kwamba imekataliwa. Ukurasa mmoja wenye bidhaa tatu alizoziuliza unatosha. Na kama unaandika kutoka anwani yako binafsi, angalia kama kampuni inaweza kukupa yenye jina lake.

Ukiniuliza ningeandika nini, ningeandika kitu cha namna hii, kwa Kifaransa chako, na kichwa kinachosema kilichomo: "Proforma ya 14 Agosti: bei mpya kabla ya mvua".

"Bwana, proforma tuliyowatumia tarehe 14 Agosti ilipita muda wake tarehe 13 Septemba. Naambatisha mpya, halali hadi mwisho wa mwezi ujao, ikionyesha bei bila TVA na pamoja na TVA ya 16%. Nimeongeza mstari wa buti za mpira, kwa kuwa mvua zinakuja. Je, hitaji lenu la jozi 180 bado lipo mwaka huu, au limesogezwa? Kama limesogezwa, niambieni mwezi tu, nitawaandikia mwezi huo."

Mistari michache, swali moja. Ona kwamba umempa mlango wa kusema "limesogezwa" bila aibu yoyote. Ila usiitume kabla baba mdogo hajathibitisha bei, maana sijui mzigo unaofuata umenunuliwa kwa bei gani huko kusini. Na baada ya kuituma, pumua. Kutoka tarehe 14 hadi 21 Agosti ulimwandikia mara tatu. Mimi ningeacha siku chache baada ya ya kwanza, kisha wiki, kisha wiki mbili, kisha mwezi, na kama mtu amekutajia tarehe, tarehe yake inafuta kalenda yangu yote.

Lakini kabla ya hiyo imeli yenyewe, kuna jambo dogo hukuliandika. Je, umepiga simu mapokezi kuuliza kama huyo bwana bado yupo? Watu wanakwenda kongé (likizo), wanahamishiwa Kolwezi, wanaacha kazi. Ofisini kwetu mkuu mmoja aliondoka na sanduku lake la imeli likaendelea kupokea proforma miezi mitatu. Waliomwandikia wote walidhani wanadharauliwa.

Sasa baba mdogo. Nataka tumtendee haki, maana anachosema si upuuzi mtupu. Wauzaji wengi wanapoteza kazi kwa kukata tamaa mapema, na mlango usiogongwa kweli haufunguki. Huenda zamani, depo yake ilipokuwa ndogo zaidi, alikuwa anakwenda mwenyewe, anakaa kwenye benchi hadi anaonwa. Benchi lina uso. Imeli ya kila siku haina uso. Mtu akiichoka, anaitia kwenye takataka kwa kidole kimoja, na sanduku lake linajifunza: siku utakayotuma proforma nzuri kuliko zote, itaanguka moja kwa moja kwenye barua zisizotakiwa naye hataiona.

Kuhusu kampuni nyingine isiyokuwepo, nakuachia mwenyewe upime, ila fikiria Jumatatu baada ya hiyo Ijumaa. Lubumbashi ni mji mkubwa wenye korido fupi. Mkuu wa usalama akimtuma dereva wake kwenye depo yenu kuuliza viatu, akavikuta rafuni kwa bei ile ile, uongo huo una jina lako chini yake, si la baba mdogo.

Kumwandikia mkurugenzi si dhambi kila mara. Kama mtu wa manunuzi ameondoka, au kama mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyewaalika, ni njia ya kawaida. Lakini kumwandikia ili umshitaki mtu wake ni mchezo mwingine. Najua kinachotokea: mkurugenzi anaipeleka chini kwa yule yule, na alama moja tu ya kuuliza. Na yule yule ndiye atakayekuwa anapokea proforma zenu miaka mitano ijayo. Kuna njia ya katikati, yule wa usalama aliyecheka kwenye korido. Yeye ndiye mwenye hitaji. Kumwandikia yeye juu ya ukubwa wa viatu na aina ya soli si kumruka mtu yeyote, hasa ukimwekea nakala yule wa manunuzi. Hatari ipo hata hapo: katika kampuni nyingine hawa wawili hawapatani, na utakuwa umeingia kwenye ugomvi usio wako. Wewe uliwaona wameketi pamoja, mimi sikuwaona.

Je, utamwambiaje baba mdogo? Sidhani unahitaji neno hapana. Mpelekee karatasi: "Baba, bei yetu ilikwisha tarehe 13, naomba unithibitishie mpya." Msomee imeli kabla hujaituma. Na kama bado moyo wake uko kwa mkurugenzi, mwombe aende yeye, kwa miguu yake na kwa jina lake, mzee kwa mzee. Huenda akafaulu mahali wewe usingefaulu. Huenda pia akaenda na ulimi wa moto akafunga mlango kabisa. Wewe unamjua, unajua asubuhi zake nzuri na mbaya. Angalau sahihi itakuwa yake.

Na kunyamaza? Nako ni njia, sitaki uone ni kushindwa. Kuna imeli ya kufunga faili: "Naona hitaji hili halipo kwa sasa, nafunga faili letu kwa mwaka huu. Mlango wetu uko wazi." Wakati mwingine ndiyo inayoamsha watu, kwa sababu haiwadai kitu. Lakini iandikwe ikiwa umemaanisha. Ukifunga faili leo na kurudi Alhamisi, umepoteza hata hicho. Ningependa pia kukuuliza, taratibu, kitu kimoja: tangu tarehe 12 Agosti umewatembelea wateja wangapi wengine? Barua yako haimtaji hata mmoja. Zile dola 501 ulizipangia shule usiku ule ule, na nadhani tangu hapo unamwandikia huyu bwana kama mtu anayeishika pesa yako. Yeye hajui kama kuna minervali ndani ya mkono wake. Wengine watatu au wanne kwenye daftari wangekupunguzia uzito wa kila kimya chake.

Kwa mume wako sina mengi. Saa nne usiku si saa ya imeli za kazi, hata kwa msomaji. Andika mchana, au andika usiku ukaipange iondoke saa mbili asubuhi; Gmail ina uwezo huo tangu 2019, inatosha kubonyeza kamshale kalikoko pembeni ya kitufe cha kutuma. Na siku moja msomee moja kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Akifika kwenye TVA atakuwa amelala. Ile sehemu ambayo hakucheka sana, hiyo usiiache ipite hivi hivi, maana ameisema kwa utani lakini ameisema. Hujawahi kumwandikia hivyo, kweli?

Nimebaki na swali moja ambalo limenikaa tangu usomaji wa kwanza. Vile viatu namba 43. Umenieleza alivyovivaa, alivyotembea navyo, alivyocheka. Halafu katika imeli saba hukumuuliza mtu yeyote kama vinabana, kama soli imeshika, kama bado anavivaa au vimeishia chini ya meza. Ni wiki nyingi sasa, viatu hivyo vimekwisha kutembea mahali. Ukipata habari zao, niandikie.